Pampu Niliyoichagua Mwenyewe

Jumanne, mtaa wa Observatory

Beringi mpya, mpira chini ya kitako, bolti zote nimekaza, na pampu bado inanguruma. Mimi, niliyefunga pampu Dar, Beira na Durban, ninayejua ugonjwa wa mashine kwa kuweka bisibisi sikioni.

Leo nimegundua chuma hakina kosa. Nilipofungulia bomba la bustani, kelele ikapungua. Nilipolifunga, ikarudi. Kumbe ni maji. Pampu ni kubwa mno kwa ghorofa hili. Maji yakikosa pa kwenda yanajirudi ndani, yanagongana na mapanga yanayozunguka, na kila panga likipita kwenye mdomo wa kutokea ni pigo jingine. Spana ya kukaza maji sijawahi kuiona.

Na nani alimwambia mwenye nyumba, "Bosi, chukua dume, hutajuta"? Ni mimi. Nyingine hanunui, nimeshamuuliza. Nikiizima, wa juu hawapati maji.

Mama Furaha, Mkongo mshona nguo, chumba chake kimepakana na pampu. Mama yake katoka hospitali juzi.

"Fundi, unabadilishaka vyuma kila siku, na mama halalake. Sema tu kama imekushinda, tutafute nyumba ingine."

Nikamtania kwamba pampu inafanya mazoezi ya kwaya. Hakucheka.

Nimewapa chumba changu cha juu, yeye na mama yake. Mimi nimelala huku kwao, mgongo ukutani, na ukuta unatetemeka. Bado sijamwambia nani aliyeichagua pampu.