Mfalme Aliyempeleka Binti Yake Isaka

Mpendwa Baba Kulwa,

Juzi nimeurudia ule uongo wako wa zamani, kwa maneno yako yaleyale, ndiyo maana nimeshika kalamu. Nitakueleza. Lakini kwanza tuikumbuke ile sinema ya Kitamili, kwa sababu sikuwahi kupata nafasi ya kukucheka nikashiba.

Ilikuwa Jumamosi mchana, pale Songwa, kwenye ukumbi wa burudani wa mgodini, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Wewe ulikuwa umesimama kando ya pazia na kipaza sauti chako, shati limepigwa pasi na mimi. Ulikuwa mfasiri wa sinema za Kihindi, Kihindi ulichookota dukani Shinyanga ulipokuwa ukipima vitambaa. Siku hiyo mikanda ilikuwa imeletwa kwa treni, kwa maombi ya mke wa yule mchora ramani Mtamili wa mgodini. Hukuuliza ni ya lugha gani. Ukatangaza kwa madaha, "Leo ni Kihindi cha kale, mfalme na vita!" Mashine ikaanza kuzunguka, watu wakaanza kusema kwenye pazia, wewe kimya. Mimi niliyekaa benchi la tatu na Kulwa mapajani nikajua kwamba huambulii hata neno moja.

Mwingine angekiri. Wewe ulikohoa, ukasema, "Mfalme anasema ng'ombe wake wameibiwa!" Ukumbi mzima ukapiga makofi. Tangu hapo nchi ile ya mbali ikawa Usukuma mtupu. Waziri mwenye masharubu akawa mwizi wa ng'ombe, na malkia, kila alipofungua kinywa, akawa analalamika kwamba mvua imechelewa. Nilibana kicheko mpaka mbavu zikauma, ingawa siku zile nilikuwa nimekununia.

Kisha ngome ikazingirwa, na binti wa mfalme, yule mdogo mwenye maua kichwani, akaugua. Baba yake alishuka kutoka juu ya ukuta wa ngome, akambeba, na mkono wa mtoto ukaning'inia. Pale hapakuhitajika mfasiri. Watu walinyamaza wakikusubiri. Ukasema, "Mtoto amelala. Kesho mfalme anampeleka kwa bibi yake, Isaka."

Watu walishusha pumzi, wakacheka kusikia Isaka, stesheni ya treni ya huku kwetu. Mimi sikucheka.

Nani kwetu atasikia jina la Kulwa asiulize Doto yuko wapi? Surua ilimchukua Doto wetu, Kulwa akiwa bado amelazwa hospitali kwa homa ileile. Aliporudi nyumbani akamwulizia pacha wake, ukaniwahi, ukasema, "Doto yuko kwa bibi, Isaka." Nami nikanyamaza, hilo nalikiri. Basi kila mgeni aliyeuliza, kisimani, dukani, hata kanisani, ulimjibu hivyo mbele ya mtoto. Na mtoto akaamini. Kila nilipompa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, alikula nusu, nusu akaiweka kwenye kopo la maziwa, akisema ni ya Doto. Wiki ile kopo lilikuwa limejaa, akawa ananivuta kanga, "Mama, limejaa, twende Isaka." Ndiyo maana nilikununia. Nilikuwa nasema nawe habari za maji na chakula tu.

Tulipotoka ukumbini mke wa yule Mtamili alinishika mkono, macho mekundu. "Mama Kulwa, bwana yako nasema nini? Ile toto kwisha kufa. Mimi nalia, watu yote nacheka!"

Nyumbani nikakwambia, "Yule mama anasema mtoto amekufa."

"Najua. Nimeona."

"Basi sema."

Ulivua viatu, ukavipanga vizuri ukutani.

Jumamosi iliyofuata watu waliitaka tena sinema ileile. Walijaa mpaka mlangoni, na maneno yako walikuwa wameyashika kichwani. Mfalme alipotokea tu, wakakuwahi, "Ng'ombe wameibiwa!" Binti alipobebwa, wengine walikwisha kuanza kucheka, wanaingoja Isaka. Kisha ukasema, "Hapana, jamani. Wiki iliyopita niliwadanganya. Mtoto huyu amefariki. Baba yake ameona, ila ameshindwa kusema."

Ukaweka kipaza sauti chini, ukamwacha mfalme aomboleze kwa lugha yake. Ulipita katikati ya watu, ukaja kuchuchumaa mbele ya benchi letu.

"Ng'wana wane, mwanangu," ukamwambia Kulwa, "Doto hayuko Isaka. Doto alifariki, siku zile ukiumwa."

Kulwa alikutazama sana. "Na michembe yake?"

Tuliila sisi watatu, jioni ile, tumekaa chini jikoni. Ilikuwa imekauka kama vipande vya mbao, nawe ulikuwa unatafuna na kulia pamoja. Siku ile nilianza kukupenda upya. Sikuwahi kukwambia, sijui kwa nini, nakwambia leo.

Sasa umeondoka wewe. Kulwa amekuja kutoka Geita kukaa nami kidogo, na binti yake wa miaka mitatu. Juzi yule mtoto alizunguka kiti chako, akachungulia chumbani, akarudi. "Bibi, babu yuko wapi?" Ulimi ukanitangulia. "Babu amesafiri," nikasema. "Yuko Isaka."

Kulwa alikuwa anachambua mchele. Mikono yake ikasimama. Hakunigombeza, alinitazama tu, kama nilivyokuwa nikikutazama wewe.

Nisamehe kwa kukununia, mume wangu. Sikujua jambo lile lilivyo gumu kutamka. Nilitaka tu uwe mahali fulani, hata kama ni pale stesheni, umekalia sanduku lako unangoja treni.

Lakini leo asubuhi nimemkuta mtoto akifunika nusu ya kiazi chake kwenye sahani. Nimemwuliza ni cha nani. Kasema cha babu.

Amelala sasa, akiamka nitamwambia. Nilitaka kwanza kuliandika neno lenyewe, nione kama mkono utakubali. Babu amefariki.

Mkono umekubali. Namsikia anaamka. Pumzika, Baba Kulwa, acha mimi niende nikakile hicho kiazi pamoja naye.

Mkeo,
Mama Kulwa na Doto