Askari wa Bure wa Mzee Otto

Mama yangu mpendwa,

Habari za Mukuyuni? Kifua kimeacha kukusumbua? Mvua imefika shambani, ama imeishia tena kwa majirani? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Ujerumani imenivalisha nguo zangu zote kwa wakati mmoja.

Mama, siku hizi nacheza sataranji. Usishtuke, si kamari. Mzee Otto, huyu ninayemtunza, tangu aanguke bafuni amekataa katakata kutembea. Daktari anasema mifupa imeshapona, kilichobaki ni ukaidi. Binti yake ameniambia asipotembea mwezi huu atapelekwa kwenye makao ya wazee, nami nitafute kazi kwingine. Nilimbembeleza, nikamwombea, hata nikamwimbia wimbo wa kwaya. Akasema, "Siku utakayonishinda sataranji, nitatembea."

Basi nikawa napigwa kila jioni. Yeye husogeza askari wake, kile kipande kidogo cha mbele, hadi katikati, nami nasogeza wangu kumkabili. Kisha analeta askari wa pili kando, hana mlinzi, ananiambia nile. Nami ulinilea vizuri: nikikaribishwa, nakula na kushukuru. Nilimla kila siku, na kila siku nikashindwa vibaya. Ufunguzi huo wa mchezo unaitwa kafara ya malkia, kwa kuwa askari hutolewa upande wa malkia. (Usimwambie mchungaji. Anayetolewa ni kipande cha mbao tu.)

Juzi nikiosha vyombo nikamkumbuka jirani yetu Kioko, pale kwenye foleni ya kisima tulichochimba mchangani mtoni. Si alikuwa anakuita?

"Mama Mwende, kuja kwanza uchukue mahindi, bado iko moto!"

Nawe bila kugeuka: "Weka hapo. Mimi niko na laini yangu."

Waliokwenda kula mahindi walirudi wakakuta punda wote wa Kioko wako mbele ya foleni. Mama, ndiyo siri yenyewe! Askari wa bure ni mahindi, na katikati ya ubao ndiyo kisima. Nikimla, askari wangu anatoka katikati, Mzee anajaza wake pale, mimi nabaki pembeni na shibe yangu.

Jana akanikaribisha kama kawaida. Sikula. Nikasogeza askari mwingine amshikilie yule wa katikati.

"Huli?"

"Weka hapo, Mzee. Niko na laini yangu."

Tulicheza mpaka chakula kikapoa. Wake wakakosa pa kupita, wangu wakasonga. Nilipomteka malkia wake aligonga meza, akasema lazima nimehamisha kipande. Akainuka, akazunguka meza nzima hadi upande wangu, akainama kukagua. Hakuwa na fimbo, wala hakuwa amemshika mtu.

"Bado sijashindwa," akasema.

"Kweli, Mzee. Rudi kwenye kiti chako tumalize."

Akarudi kwa miguu yake, akinung'unika njia nzima. Nikashindwa kujizuia, nikalia. Naye akadhani nalilia mchezo, akanipa leso na kuniambia nisikate tamaa.

Nisalimie Baba, dada yangu wa duka la Kabati, na shangazi anayeongoza kwaya. Niombeeni joto.

Binti yako anayetetemeka kwa furaha na kwa baridi,
Mwende