Aliyeandika Ubeti wa Tatu

Compton, California
14 Machi 1993

Kaka Alcide,

Shikamoo. Barua hii nampa mchungaji akupe mkononi, maana za posta hufunguliwa na askari wa gereza. Natumaini itakukuta mgongo umepoa na chakula cha huko kinashuka. Mama anakusalimu sana. Miguu bado inamvimba, lakini Jumapili hakosi kanisani. Siku hizi anakaa kiti cha nyuma, kwa sababu akikaa mbele watu wanampa pole mpaka anashindwa kuimba. Mimi mzima wa mwili, bado nafagia shule ileile tuliyosoma.

Binamu Yolanda alipotoka kukuona alinieleza mlivyozungumza. Anasema umekonda. Anasema ulimwambia kwamba ukitoka Juni huna haja na kazi wala mchumba, una haja na Clifton tu, kwa ubeti wa wimbo aliouandika ukamuua mdogo wetu Marcel. Kaka, nimelala na maneno hayo wiki mbili. Acha nikueleze, maana huko umefikiwa na habari nusunusu.

Clifton, huyo rapa ambaye dunia nzima inamwita Jeneza, unamkumbuka: mtoto wa Bi Earline wa posta, aliyekuwa analia akipigwa na mpira. Bastola ameishika mara ya kwanza siku ya kupigwa picha ya kasha la kanda. Mpaka kati ya mtaa wetu wa bluu na wekundu, kundi la mtaa wa pili, haujui, akija mtaani huuliza asije akakosea barabara. Lakini sauti anayo. Akifungua mdomo utadhani kaua watu kumi kabla ya chai. Kampuni ya muziki haikutaka zaidi ya hapo.

Walipokuja mtaani kupiga video ya wimbo wake, watu walikuwa wachache. Marcel alikuwa anarudi kutoka gereji, mikono imejaa grisi. Mama mmoja anayewavika waigizaji akamfunga kitambaa cha bluu kichwani, akampa sahani ya mbavu za kuchoma na kumwambia akunje uso. Marcel wetu, ambaye kundi lake lilikuwa kwaya tu. Akashindwa kukunja uso, akacheka, nao wakaiacha picha hivyohivyo. Jioni alimtania Mama kwamba amekuwa jambazi kwa sahani moja ya mbavu. Mama akamwambia avue huo upuuzi wake ndipo aketi mezani.

Wimbo ukatoka. Kutukana mtaa, rangi na kundi ni mambo tuliyoyazoea. Wanatutukana, tunawatukana, watu wanacheza. Ila ubeti wa tatu ulimtaja marehemu wao, Nyundo, tena si kwa jina la mtaani. Ulimwita Percival Oglesby, jina alilobatizwa, ukamcheka mama yake alivyoanguka kando ya kaburi. Maiti hatukanwi. Hata wewe uliyepigana nao miaka sita hukuwahi kufika huko.

Wekundu wakatafuta wa kumlipizia kisasi. Jeneza yuko mlimani, ana geti la umeme na walinzi. Marcel alikuwa kituo cha mafuta, pale penye gereji yao, Jumanne, saa nne asubuhi, anajaza upepo tairi la mteja, na uso wake walikuwa wameutazama kwenye televisheni wiki tatu mfululizo. Mwenye kituo alisikia mmoja akimwuliza, "Wewe si ndiye uliyekuwa unacheka?" Marcel akajibu, "Kaka, mimi fundi tu." Wakampiga risasi tano.

Baada ya mazishi nilipanda kwa Clifton. Alilia kama alivyokuwa akilia utotoni, akaniapia kwamba Percival hakumjua hata kwa sura, yeye huimba anachopewa. Nikamwambia najua.

Najua kwa sababu aliyempa ni mimi. Mwaka wa pili huu namwandikia mashairi yake yote, na zaidi yake hakuna anayejua. Percival nilikaa naye dawati moja darasa la sita. Jina lile alilionea aibu, akaninong'oneza mimi peke yangu. Mazishini kwake nilijipenyeza nikasimama nyuma, ndipo nikamwona mama yake akianguka. Nilirudi nyumbani nikayaandika. Sikuwa na hasira na mtu yeyote, Kaka. Vina vilikaa vizuri, nikaviacha.

Na bado. Kampuni ilimtaka Clifton atoe wimbo wa kumlilia Marcel, wenye kisasi ndani yake, naye akanijia mimi. Nikakataa Jumatatu, nikakataa Jumatano, Ijumaa nikaandika. Umesharekodiwa. Wekundu watajibu, na atakayekutwa kituo cha mafuta siku hiyo simjui. Nimechoka, na sioni panapoishia.

Mama hajui lolote. Usimwambie kwa simu.

Yolanda anakusalimu, na wanakwaya wote wanakuulizia. Ukitoka Juni usipande mlimani, Clifton hana deni lako, ninalo mimi. Njoo moja kwa moja nyumbani. Chumba changu unakijua, na mlango sitaufunga.

Ni mimi mdogo wako,
Renard