Nimeukata Mguu wa Kamera Yako

Mjomba,

Nimeukata. Ule mguu wa kamera, ule mti mmoja wa mninga wa kutulizia kamera, nimeupeleka kwa seremala na umekatwa kwa msumeno mbele ya macho yangu, shibiri moja na vidole vitatu. Usikasirike kwanza. Nisikilize mpaka mwisho, kama ulivyokuwa unanisikiliza nikirudi kutoka harusini filamu nzima nimeiunguza kwa mwanga, huku unajifanya unafuta lenzi ili nisione unavyocheka.

Nakuandikia nikiwa hapa studio, Nachingwea, kwenye kiti chako chenye mguu uliofungwa waya. Tangu uondoke korosho zimevunwa mara moja. Simu za mkononi zimefika, ila mwenye simu akitaka kuongea hupanda juu ya kichuguu nyuma ya mashine ya kusaga, na mji mzima unasikia habari zake. Wanasema Masasi kuna kamera zisizotaka filamu. Lile pazia lako lenye ndege ya kuchora, panya wamekula bawa moja. Watu bado wanataka kusimama mbele yake, nami nawasogeza kidogo kushoto wazibe lile bawa.

Nianze na siku ya arobaini yako, kule Matambarale. Hitima ilisomwa, watu wakala, kisha wazee wa ukoo wakakaa kugawa mambo yako. Mdogo wako Hamisi akarithi jina lako, kama ilivyo kwetu. Kuanzia siku ile yeye ndiye Issa. Watoto wanamwamkia kama walivyokuamkia wewe, na mimi nikaambiwa nimwite Mjomba Issa. Nilimwita. Jina lilinikwama kooni kama muhogo mkavu, lakini nilimwita.

Kamera wakanipa mimi, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua pa kubonyeza. Ila mzee mmoja akasema mbele ya wote, "Tumwangalie mpaka korosho ziishe. Picha zikitoka mbovu, kamera iuzwe na chumba cha studio kirudishwe kwa mwenye nyumba." Nikaitikia. Nilijiona naweza.

Halafu mtu akatoka chumbani kwako ameshika ule mguu wa kamera. Akasema, "Na fimbo yake hii hapa." Hakuna aliyeuliza. Mzee ana fimbo, mzee amekufa, fimbo inakwenda kwa mwenye jina. Wakamkabidhi Hamisi kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nyuma kwenye mikeka ya akina mama. Nilifungua mdomo, Mjomba. Nikaufunga. Nilijiambia si adabu kuwasahihisha wazee siku ya dua. Ukweli wenyewe ni kwamba nilikuwa na kiburi. Nilidhani picha zako zilitoka kwenye kamera na kwenye macho yako, na macho hata mimi ninayo.

Nilikuwa nimesahau ulivyohangaika kuupata ule mguu. Wa kwanza ulikuwa wa mpingo, kwa kuwa mpingo haupindi. Ukaufunga kwenye baiskeli, ukafika Nkowe mabega yamekuisha, ukasema hata jeneza lina uzito wa heshima kuliko huo mti. Wa pili ukawa wa mwanzi, mwepesi mpaka raha. Ukaegemea kamera juu yake, mwanzi ukacheza, na bwana harusi akatoka ana pua mbili. Ndipo ukaenda kuchagua mninga. Uligonga mbao kwa ukucha ukizisikiliza, ukaacha zenye vifundo, ukachukua moja iliyonyooka na kuiweka darini msimu mzima ikauke. Juu ukakaza ile boliti uliyoitoa kwenye stendi mbovu ya miguu mitatu, boliti pekee iliyoingia kwenye tundu la kamera yetu. Chini ukapigilia kipande cha kandambili ili usiteleze.

Na kwa nini usiitumie stendi ya miguu mitatu kama wenzako? Nilikuuliza. Ulinipeleka kwenye ngoma ya kuwatoa wali, wasichana waliomaliza unyago, ukaniambia niisimamishe stendi uwanjani. Shangazi wa mwali alikuja akicheza kinyumenyume, akaipiga dafrao, kamera ukaidaka wewe kifuani. Ulikuwa umesimama pale pale ukimsubiri. Kisha ukanipa mguu mmoja, ukasema, "Miguu yako miwili na huu mmoja, jumla mitatu. Ila hii mitatu inajua kukimbia."

Ndivyo ulivyonifundisha. Mti usisimame wima chini ya uso, uweke mbele kidogo kisha uuegemee kama unamsikiliza mtu anayenong'ona. Viwiko vigande mbavuni. Pumzi itoke nusu, halafu kidole kibonyeze taratibu, kisishtuke. Na usiwe na haraka na mtu. Siku ile Kilimarondo, kwa yule bibi aliyekimbia Msumbiji tangu vita, aliyekuwa hatoki ndani kwa maradhi ya miguu, flashi ilikuwa imekufa na chumba kina mwanga wa mlango tu. Mpiga picha mwingine angeomba radhi akaondoka. Wewe ulisimamisha mti wako ukaanza kumuuliza habari za tembo walioingia shambani kwake. Ukakaa hapo mpaka chai ikapoa. Alipomaliza kuwatukana tembo na ukoo wao wote, akakutazama, ametulia, ndipo ukabonyeza. Picha ilipotoka, uliweza kuhesabu mishono ya kanga yake. Alisema hakuwahi kuona uso wake umetulia hivyo. Hata sasa nikikumbuka najivuna, kana kwamba niliipiga mimi.

Haya, sasa nikuambie aibu yangu.

Harusi yangu ya kwanza bila wewe ilikuwa Nkowe. Ndoa ikafungwa ndani, dirisha dogo, mawingu, flashi ikawaka mara mbili ikafa. Nikasema si kitu, nitatuliza mkono. Filamu iliporudi kutoka kusafishwa, picha zote za ndani zilikuwa zimetikisika. Shehe ana vidole kumi mkono mmoja. Bibi harusi hana macho, ana ukungu. Mama yake alizipitia moja moja, akazirudisha kwenye bahasha, akaniambia kwa upole, na ule upole ndio uliniumiza, "Mwanangu, kumbe aliyekuwa anapiga ni mjomba wako tu."

Nililia njia nzima juu ya baiskeli yako.

Nikaazima stendi ya miguu mitatu, ikaangushwa kwenye ngoma ya wali, kama ile uliyonionya nayo. Nikanunua mpini wa jembe, nikazunguka maduka yote ya vipuri vya baiskeli nikitafuta boliti. Kila moja ama nene ama nyembamba. Nikafunga kamera kwa kamba za mpira juu ya mpini, ikawa inayumba kama mlevi. Habari zikafika Matambarale, na korosho zilikuwa zimeanza kudondoka. Nikajua nisipoupata ule mguu, studio yako inafungwa, na watu watasema ilikufa siku uliyokufa wewe.

Basi nikaenda kwa Hamisi. Kwa Mjomba Issa, nisamehe.

Nilimkuta anapepeta ufuta, fimbo imeegemezwa ukutani. Ile boliti ya juu alikuwa ameiviringishia kitambaa. Kabla sijasema nililokwenda kusema, akanionyesha kiganja kina sugu. "Fimbo ya kaka yangu... ya mjomba wako hii, inanitoboa nkono. Nikasema labda ni dawa yake aliiweka, nikaogopa kuing'oa." Mjomba, nilicheka mpaka nikakaa chini. Miezi mitano ndugu yako anatembea na stendi ya kamera, anakwenda nayo shambani, msikitini, kwenye misiba, anavumilia boliti kwa heshima yako! Halafu kicheko kikageuka, nikalia, naye akaacha ungo akanisubiri.

Nikamweleza yote. Mwisho akasema, "Nikikupa, watu watasema jina nimelishindwa. Wataniona natembea mikono mitupu." Nikamwelewa. Na yeye alikuwa anajaribu kuwa wewe, kama mimi, na kazi ilikuwa inamwelemea kama mimi. Sikumbishia. Nikaomba niushike tu.

Nilipouinua ndipo nikaona. Unakumbuka ule utepe wa mpira wa tyubu ulioviringisha kule chini, juu ya kandambili? Uliniambia ni wa kuzuia mchwa, nami nikaamini, mjinga mimi. Mwendo wa Hamisi, mawe na mchanga wa njia za shambani vilikuwa vimeula. Ulikuwa umechanika, unaning'inia. Na chini yake, kwenye mti wenyewe, kulikuwa na mstari uliochomwa kwa msumari wa moto, umezunguka sawasawa. Juu ya mstari, herufi moja. S.

S ya Somoe. Mimi.

Nikaikumbuka siku yenyewe. Mvua ilitufungia studio, wewe ulikuwa umeanza kile kikohozi. Ukaniambia, "Hebu simama hapa, mpwa wangu. Nyooka." Ukaugeuza mti kichwa chini, boliti sakafuni, ukaulinganisha na uso wangu, ukaweka kidole chini kidogo ya jicho. Nikakuuliza unafanya nini. Ukasema, "Naangalia kama umeongezeka." Nikakuambia wafupi ndio tunaopita milangoni bila kuinama. Tukacheka. Wiki iliyofuata mpira ukawa umeviringishwa, nami sikuuliza tena. Wewe ulikuwa mrefu, mti ulikuwa wa jicho lako. Ulijua kwamba mti huo ukinifikia mimi utakuwa mrefu mno kwangu, nitasimama kwa vidole na picha itatikisika. Ulijua pia kwamba ukiukata mapema nitaelewa unaondoka. Ukaficha alama.

Nilimwonyesha Hamisi kwa kidole. Akauchukua mti, akapitisha dole gumba kwenye ule mstari, akazunguka nao mara mbili. Akauliza herufi ile ni nini, nikamwambia. Kisha akaniambia maneno ambayo nitayabeba mpaka kaburini kwangu:

"Aliyeweka alama hii ni Issa. Na Issa ndiye mimi. Kata."

Mjomba, wazee wetu walijua walichokifanya walipompa jina. Nilikuwa nakuhitaji uniruhusu, na uliniruhusu.

Tukaupeleka Ruangwa mjini, seremala wa huko akaukata. Hamisi alisimama karibu, akamwambia asile mstari, msumeno upite nje yake. Nikapigilia kandambili mpya. Nilipousimamisha mbele yangu na kufunga kamera juu, jicho langu liliingia kwenye kioo chake bila mimi kunyanyua hata kisigino. Hujui ilivyokuwa. Au unajua.

Siku ya kuwatoa wali ikafika, Nkowe tena. Mama wa yule bibi harusi alikuwepo, mwanawe mdogo alikuwa miongoni mwa wali. Aliniona akageuka pembeni. Sikumlaumu. Ngoma zikalia, vumbi likapanda, shangazi wakaja kinyumenyume, nami nikawa napisha na kurudi, napisha na kurudi, mti mkononi. Nikabana viwiko. Nikatoa nusu ya pumzi. Mwali wake alikuwa ameinamisha uso kwa aibu na kanga mpya, nikamsubiri, nikamsubiri, mpaka akainua macho kumtafuta mama yake.

Picha ile iko hapa studio, Mjomba, imebandikwa karibu na ile ndege ya pazia. Shanga za shingoni mwake zinahesabika. Mama yake alipoiona aliishika muda mrefu, akaomba ya pili ampelekee bibi yake. Korosho zilipokwisha niliwapelekea wazee bahasha nzima. Waliipitisha mkono kwa mkono. Hakuna aliyenisifu, unawajua. Yule aliyesema kamera iuzwe aliuliza tu kama naweza kuja Ijumaa kumpiga picha, atakuwa amevaa kanzu yake nzuri.

Hamisi nimemchongeshea fimbo ya kweli, kichwa laini, isiyomtoboa. Anatembea nayo vizuri. Nikimwita Mjomba Issa siku hizi halinikwami tena, na wewe usione wivu.

Kile kipande kilichokatwa sikukitupa. Dirisha la studio lilikuwa halikai wazi, unajua lilivyo, sasa linashikiliwa nacho. Kila asubuhi mwanga unaingia kwa sababu yake, na wateja nawakalisha hapo.

Nakuahidi sitamharakisha mtu. Nitamuuliza habari za shamba lake mpaka atulie, hata kama chai itapoa. Na siku nitakapompata wa kumfundisha, nitampima jicho lake mwenyewe, na nitamwambia kwa nini nampima.

Pumzika, Mjomba. Mimi nimesimama. Miguu yangu miwili, na wako mmoja.

Mpwa wako,
Somoe