Mabenchi Yanayotazama Barabara

Jumatatu, 7 Aprili

Kiptanui ametuma picha ya tangazo kwa simu. Kisumu wanataka mawazo! Vivutio vipya kwenye ufuo wa ziwa, mtu yeyote achore, apeleke kabla mwezi haujaisha. Mshindi anapewa kazi ya mwaka mzima kwenye ofisi itakayojenga. Nimelisoma nikiwa nimesimama katikati ya shamba la chai, kikapu mgongoni, mvua inanipiga, wala sikusikia baridi.

Mimi! Mtoto wa Kisumu niliyeolewa huku Boito, ninayewachorea walimu ramani za nyumba. Ufuo ule naujua hata nikifumba macho. Kiptanui anasema nikishinda tutaishi pamoja kama watu. Yeye anaendesha lori la mikate kule Kisumu, anakuja Jumamosi, analala kama gogo, anarudi. Mume wa wikendi! Nataka hii kazi. Nataka sana.

Lakini Mama. Tukienda na mtoto wetu Chepkorir, mama mkwe wangu atabaki na ng'ombe, chai na redio. Mtoto analala kwake tangu aachishwe ziwa. Nimemwambia ni mashindano ya kuchora tu, basi. Ameuliza zawadi ni nini. Nimejifanya nimeitwa na kuku.

Jumatano, 9 Aprili

Gari la kubeba majani ya chai limechelewa tena. Tumekaa kituoni na magunia yetu, nikafanya kosa la kutaja ufuo wa Kisumu. Aii! Kila mtu ni mhandisi.

Kiptum, karani wa mizani, anataka njia ya kukimbilia kandokando ya maji, na wa mwisho atupwe ziwani. Phyllis wa kwaya anataka jukwaa linaloelea—kwaya ikiimba vibaya inasukumwa mbali. Mageto muuza ndizi anataka mnara wa kutazama viboko, na yeye mwenyewe ndiye akae mlangoni kukusanya pesa. Tumecheka hadi machozi. Halafu nikagundua kitu: wote wametaka paa. Njia ya kukimbilia, paa. Jukwaa, paa. Mnara, paa juu ya paa. Hawa watu wangu wameloweshwa kila alasiri tangu wazaliwe, hawawezi kuwaza raha iliyo wazi juu.

Mama muda wote alikuwa anatoa majani magumu kwenye gunia letu. Nilidhani hasikilizi.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimeanza. Daraja la kioo! Unatembea juu ya maji, unaona samaki chini ya viatu vyako. Nimelichora zuri, nimejipenda.

Mama ameweka kikombe cha chai juu ya kona ya karatasi, akainama. Ameuliza mtu aliyetoka mbali na mzigo anauweka wapi. Nikasema Mama, hakuna mizigo, watu wanakuja kutembea tu. Akanitazama kwa huruma.

"Mtu anatoka Boito mpaka Kisumu mikono mitupu? Anaenda kuona nani huyo?"

Alifika ziwani mara moja tu, siku ya kuja kuniposa kwetu. Alitazama, akasema, "Maji yote hiyo inakaa tu?" Baba yangu anaisimulia hadi leo kila Krismasi.

Jumanne, 15 Aprili

Mama ametwaa mradi. Sijui nielezeje vingine. Nikikaa kuchora, na yeye anavuta kigoda. Amevaa gambuti, viatu vyake vya mpira vya zizini, ndani ya nyumba, ananuka maziwa na moshi, na anaamuru!

Anataka chumba cha kuwekea mizigo, na mwenye kuilinda awe mama mzima, si kijana wa kushika simu. Anataka bomba la kunawa miguu. Choo karibu, kisiwe cha kuulizia. Chai ya maziwa, imechemka kweli, si maji ya moto na kikaratasi kwenye kamba. Mahali pa kusimamisha kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kugandishwa, kisianguke. Na mabenchi mengi.

Cha ajabu ni kwamba nimeanza kumsikiliza. Daraja limekuwa dogo, likawa dogo zaidi, leo nimelifuta. Sasa ni nyumba ya kupokea watu waliotoka mbali, pale pale ufuoni. Naona ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuchora.

Ila kuhusu mabenchi tumegombana. Nimeyaweka yanatazama ziwa. Ameweka kidole. "Geuza. Yatazame barabara."

"Mama, watu wanakuja kutazama maji."

"Maji haiendi mahali, itakuwa tu hapo. Mtu ndiye anapita."

Ni mazoea ya kituoni, nikajisemea. Wamezoea kukaa wakitazama barabara gari litokee. Nimeyageuza ili nipate amani, kwa penseli nyepesi.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Mvua ya mawe. Imepiga chai ya upande wa mtoni ikabaki vijiti. Nilikuwa nimepanga kumwambia Mama leo baada ya kanisa. Nimemkuta anapita mstari kwa mstari, anagusa matawi kama anayewapapasa wagonjwa. Amesema, "Itaota." Sikuweza.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Kiptanui yuko nyumbani. Tumenong'onezana nyuma ya zizi kama wezi.

Nimemwambia aseme yeye, ni mama yake. Anasema niseme mimi, ndiye ninayependwa. Na ni kweli, mjinga huyu! Nilipokuja hapa nikiwa siwezi kuchuna hata kiganja, majirani walicheka vidole vyangu vya mjini. Mama hakucheka. Alisimama nyuma yangu, akaishika mikono yangu, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, hadi mikono ikajua. Mama yangu mzazi nampenda. Huyu nilimpata ukubwani, na naona hilo linauma vingine.

Kiptanui ameondoka jioni. Hatukusema, hata mmoja.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimeenda saiba, duka la intaneti kule Roret, nimetuma.

Kabla ya kutuma nimeyageuza mabenchi. Yote yanatazama ziwa. Nani atalipwa kutengeneza ufuo watu waupe mgongo? Kamati ingecheka. Sijamwambia Mama. Nimemnunulia mkate wa siagi, akafurahi, nikajisikia vibaya.

Jumanne, 6 Mei

Wamepiga simu! Mama mmoja anaitwa Joan, sauti ya upole. Tumebaki watatu. Anasema wengine karibu wote wamepeleka mabembea makubwa, mimi tu nimepeleka mahali pa kumpokea mgeni. Nikasema tuliwaza na mama mkwe wangu. Akacheka, alidhani ni utani.

Nieleze mbele ya kamati Alhamisi. Wakinichukua, kazi inaanza mara moja. Nimepiga kelele peke yangu katikati ya shamba la sukuma, Chepkorir naye akapiga bila kujua sababu. Mama akatoka mbio na jembe akidhani ni nyoka. Nikasema nimepita! Akatupa jembe, akanikumbatia, akanizungusha. Na mgongo wake ule mbaya!

Bado sijasema. Kesho. Kesho lazima.

Jumatano, 7 Mei

Kiptanui amechapisha mchoro mkubwa, wa rangi, amenitumia na gari la asubuhi. Nimeutandaza juu ya meza ya sebuleni. Unapendeza mpaka unaogopesha. Nilikuwa nausifu peke yangu Mama alipoingia akifuta mikono, akatafuta miwani yake, akainama.

Aliangalia pole pole. Chumba cha mizigo, akaguna vizuri. Bomba. Choo. Halafu kidole kikasimama.

"Mabenchi umegeuza."

Nikaanza kueleza. Kamati. Wageni wa kutoka nje. Mandhari. Nilikuwa naongea haraka kama mtu anayeuza sabuni.

"Sasa nikikuja, nitawaona namna gani?" akasema. "Wewe unatoka kazi, Chepkorir anatoka shule, mimi nimekaa hapo na mursik yenu, nimewapa mgongo. Mtanipita."

Nilitazama mchoro, nikaona kila kitu upya. Mzigo ni wa nani. Kibuyu ni cha nani. Miguu ya nani imetoka kwenye tope la Boito inataka kunawa. Wiki zote hizi mimi naficha, na yeye ananichorea mahali atakapokaa akitungoja.

Nikauliza nani amemwambia kwamba tutahama. Akasema hakuna. Alikuwa anangoja nimwambie mimi, amengoja hadi amechoka.

Nimelia, sikujizuia. Nimemshika mkono, unanukia majani mabichi, nikamwambia nampenda, kwa Kiswahili, halafu kwa Kikipsigis changu kibovu, halafu kwa Kijaluo cha kwetu, kwa sababu ndiko neno lenyewe lilikokuwa. Akasema, "Haya, haya." Akavua miwani, akaipangusa kwa leso.

"Mnaenda lini?"

Nikafungua mdomo.

"Usinijibu ukilia. Wacha nikamue kwanza."

Akatoka. Nimekaa jikoni, naandika hapa haraka na penseli ya kuchorea. Nimejaribu kuyageuza mabenchi kwenye karatasi iliyochapishwa, nimechafua tu. Kesho watauliza ni nini hii. Na nisipopita? Na nikipita?

Anaongea na ng'ombe. Siku hizi naelewa lugha yao karibu yote. Anamwambia asirushe mguu, atulie, ni wao wawili tu sasa, watazoea.

Amemaliza kukamua. Nasikia ndoo inawekwa chini mlangoni. Anavua gambuti, moja, ya pili. Naweka penseli chini nikamjibu.