Pijo Imewaka, Salfa Iko Kwenye Kisosi

Baba Tahiri,

Ukifika na fundi, msilitafute gari. Nimekwenda nalo Newala, arobaini ya dada yangu isingenisubiri. Wali umefunikwa jikoni.

Tangu asubuhi Pijo imegoma kuwaka, ukawa unanyonya mpira wa petroli na kufungua kabureta. Nilikuambia petroli inafika, naisikia harufu yake. Ukanijibu nikanuse mchuzi, ukaondoka kwa miguu kwenda Mkomaindo kumwita fundi.

Basi nikachomoa plagi. Ilikuwa imelowa petroli. Nikaigusisha kwenye chuma cha injini, mama yako akapiga stata. Hakuna cheche. Nikafungua kifuniko cha distributa, kina ufa, na ndani pointi za kutoa cheche zimejaa unga wa njano. Ni salfa ya mikorosho. Wiki iliyopita uliiweka mashine ya kupulizia juu ya injini, boneti wazi, ukaijazia salfa hapo hapo ili mgongo usikuume.

Nimezisugua pointi kwa ubavu wa kiberiti. Imewaka mara moja.

Salfa niliyoikwangua iko kwenye kisosi, mwoneshe fundi. Na umpe chai, umemtoa mbali.

~~Wewe baki nyumbani.~~ Njoo na basi, kisomo ni baada ya adhuhuri. Kanzu iko kwenye kamba.

Usinipigie simu kuniambia gari la marehemu baba yako haliendeshwi na mwanamke. Nilimuuliza mjane wake. Alikuwa ameshahamia kiti cha pembeni, mkoba mapajani.

Mama Tahiri