Kitenge cha Mama na Oili ya Ndama

Baba yangu,

Mwangaluka. Najua ungetaka nianze na habari za mvua na ng'ombe, lakini leo hizo zisubiri. Nina habari za Ndama, na zimenijaa hadi kooni.

Unakumbuka siku ulipomleta? Mkandarasi wa barabara alikuwa amemaliza kazi na anauza vitu vyake, nawe ukarudi kutoka Bariadi umepanda pikipiki ya matairi manne, nyekundu, pana, yenye kelele. Watoto wa nusu ya Kasoli walikuwa nyuma yako. Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Sasa hii ni gari au ni mdudu?"

"Ni miguu yako, Mama Masunga," ukamjibu.

Magoti yake yalikuwa yameshaanza kumsumbua, na mvua zikianza, njia ya mbugani kwenda kanisani inakuwa tope linalong'ang'ania mguu kama lina deni nao. Wewe hukumfanyia Mama hotuba za mapenzi. Ulimletea matairi manne.

Jina la Ndama ulimpa kwa sababu ya namna ulivyomtunza. Jioni ukishamaliza zizini, ulihamia kwake na mkono uleule uliotoka kukagua ng'ombe. Ulianzia kwenye kwato, ukiyaminya matairi kwa kidole gumba, maana kwa tope letu uliyataka laini kidogo. Kisha ulipapasa chini ya tumbo kutafuta nati iliyolegea, vilevile unavyotafuta kupe. Halafu cheni, halafu breki, halafu pua, yaani eya klina, lile boksi ambalo injini inavutia hewa. Oili ilikuwa ya mwisho. Waliokuja kununua maziwa walikucheka, nawe ulicheka nao bila kuacha kupapasa. Mimi nilikushikia spana na kujifanya nina haraka ya kurudi kwenye cherehani yangu, kumbe sikuwa na haraka yoyote.

"Chomoa kijiti cha oili," ulikuwa ukiniambia. "Mara ya kwanza usikiamini. Futa, rudisha, chomoa tena, hapo ndipo usome."

Ulikuwa sahihi, Baba. Ila tambara halikuwahi kuonekana lilipohitajika, na kamba ya nguo ilikuwa karibu mno. Ulifuta kijiti kwa kitenge cha Mama. Sauti yake ilisikika hadi kwa jirani.

"Baba Masunga! Nguo yangu imekuwa tambara la gereji?"

"Nilidhani ni cha zamani," ukajitetea. Kilikuwa kipya. Chakula cha usiku siku ile tulikula kimya, mimi nikiwa nimebana kicheko hadi mbavu zinauma.

Na ile Jumapili ya pamba! Sponji ya eya klina ilikuwa imechanika, duka limefungwa, nawe ukaona jibu liko ghalani. Ukashindilia pamba kwenye boksi lile, ukajisifu, "Nimeweka safi, siyo fifi. Ndama anastahili daraja la kwanza." Nani mwingine duniani angepanga madaraja ya pamba kwa ajili ya pua ya injini? Tulifika karibu na kanisa, Ndama akaanza kukohoa, akatoa moshi mweusi, akazima mbele ya wanakwaya wote. Tukasukuma, wewe na mimi, jasho linatutoka. Mama hakushuka. Alikaa juu wima na mkoba wake mapajani, akiwapungia watu mkono kama bibi harusi. Siku iliyofuata ulinunua sponji, ukanionyesha kuiosha kwa sabuni, kuikausha kivulini, kuipaka oili kidogo na kuikamua. Hukuongelea tena pamba.

Ulipoondoka, Baba, hakuna aliyemgusa Ndama. Alikaa nyuma ya ghala, kuku wakataga kwenye kiti chake. Kaka Masunga alisema auzwe kabla hajawa chuma chakavu. "Fundi wake ameshalala," alisema. Mama alisema tu, "Haya." Lakini mvua zilipoanza aliacha kwenda kanisani. Jumapili alikaa barazani amevaa vizuri, akisikiliza kengele. Hilo lilinichoma kuliko msiba wenyewe.

Kisha Kaka akapiga simu: mnunuzi wa Mwandoya anakuja Jumapili baada ya ibada. Siku iliyofuata nilifunga cherehani, nikawahamisha kuku.

Nilianzia kwenye kwato, Baba. Matairi niliyajaza kwa pampu ya baiskeli, nikayaminya kwa gumba. Betri niliipeleka senta kuchajiwa. Nilipapasa tumbo, nikakuta nati mbili zinacheza, nikazibana. Cheni niliisugua kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani hadi ikang'aa, nikaipaka oili. Nilipofungua eya klina, pembeni kabisa ya boksi nilikuta kipande cha pamba, cheusi kwa vumbi. Pamba yako safi. Nilicheka peke yangu nyuma ya ghala, nikalia kidogo, nikacheka tena.

Nilibonyeza swichi, akagoma. Nikafungua plagi, nikaisugua masizi, nikairudisha. Akakohoa, akaunguruma! Niliacha injini ipate joto, nikamwaga oili chafu, nikaweka mpya. Mama alikuwa barazani anachambua choroko, hakuinua hata kichwa.

Jumapili nilimsogeza Ndama hadi barazani. Mama akaniangalia, akaangalia kiti, akaingia ndani. Nikadhani amekataa. Akatoka amebadilisha, amevaa kile kitenge cha bluu ulichomnunulia mara ya mwisho, ambacho hakuwahi kukivaa. Tulipita kwenye tope bila kuteleza, ananipiga mgongoni, "Polepole, Minza, sijachoka kuishi!" huku anacheka. Wanakwaya walipiga vigelegele.

Tuliporudi, Kaka na mnunuzi walikuwa wanasubiri uani. Mnunuzi akamzunguka Ndama, akasema, "Hizi zikikaa muda mrefu injini inakuwa imekufa."

Nilifungua mdomo nimjibu, Mama akaniwahi. Alijikokota hadi kwa Ndama, akainama, akachomoa kijiti cha oili bila kuuliza kilipo. Hakukisoma. Alishika pindo la kitenge chake cha bluu, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena, akamwekea yule mtu chini ya pua.

"Soma. Oili safi. Wabeja kwa kuja, ila Ndama hauzwi."

Kumbe miaka yote ile ya kugomba, Baba, Mama alikuwa anatazama mikono yako.

Kitenge nimekifua kwa sabuni ya unga, nikakirudia kwa ya kipande, doa limegoma. Nilimwambia naweza kukata pindo nimshonee jingine. Akasema nisiguse.

Lala vizuri, Baba. Jioni ikifika tunampapasa, sisi wawili sasa.

Binti yako mshika spana,
Minza